Kulinda Nyumba na Jamaa Wakati wa Noeli

Sikukuu ya Noeli inapokaribia, kila nyumba ya Nkome ina shughuli. Mchele umekwisha nunuliwa, watoto wameshonewa nguo mpya, jogoo amefungwa mguu nyuma ya jiko, na wale waliokwenda kutafuta kazi Mwanza, Geita na penginepo wameleta khabari kwamba wako njiani. Furaha hii ni njema, wala sisi hatutaki kuipunguza. Walakini ziko nyumba ambazo Noeli yake hugeuka kuwa matanga, na mara nyingi sababu ni jambo dogo ambalo lingaliweza kuzuiwa kwa dakika moja. Basi twaona yafaa tueleze hatari hizo zatoka wapi, na njia ya kuzizuia ni ipi, ili wazee wa vijiji, waalimu, na kila ajuaye kusoma, wawasomee na wale wasiojua.

KWA NINI HATARI HUZIDI

Watu wengi hudhani ya kuwa ajali ya sikukuu ni kitu kigeni kilichotoka mbali kuja kuharibu furaha. Si hivyo. Dumu la petroli limo nyumbani mwaka mzima. Ziwa lipo pale pale. Sufuria, jiko la mkaa, koroboi na chupa ya dawa ya pamba, vyote twaishi navyo. Kinachobadilika ni ulinzi wake. Siku za kawaida kila kitu kina mwangalizi: mama ajua moto uko wapi, binti mkubwa ajua mdogo wake yuko wapi, baba ajua dumu lake ameliweka wapi. Siku ya Noeli nyumba ya watu sita huwa na watu kumi na wanane. Mgeni huhamisha dumu apate mahali pa kutandika mkeka. Binti huitwa kuchagua mchele. Shangazi humpokea mama mwiko. Kila mtu hudhani mwingine anaangalia. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na mtoto aliye mbele ya watu wazima kumi aweza kuwa haonwi hata na mmoja.

Sababu ya pili ni majira. Noeli yetu huangukia katika siku za mvua. Watu hufunga madirisha, huingiza moto ndani, hujikusanya chumba kimoja, na ziwa halitabiriki. Kwa hiyo mambo mawili hukutana siku moja: hatari huongezeka, na macho hupungua.

SAFARI ZA ZIWANI

Tuanze na ziwa, maana wageni wengi wa Nkome hufika kwa maji, na wenyeji wengi huvuka kwenda kuwaamkia ndugu zao visiwani.

Msomaji na akumbuke kivuko cha MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko hicho kilitoka Bugolora katika Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, lakini waliopanda walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. Kilipinduka kilipokuwa kinakaribia kabisa gati la Bwisya, na watu zaidi ya 220 walikufa. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba nayo ilizama ilipokuwa ikielekea kufika Mwanza, na mamia ya watu walipotea.

Katika misiba hii liko fundisho kwa mtu wa mtumbwi mdogo pia. Chombo kilichojaa kupita kiasi chaweza kwenda salama maadamu watu wamekaa chini wametulia. Lakini pwani ikionekana, watu husimama kutafuta mizigo yao na kujisogeza upande wa kushukia. Hapo uzito hupanda juu na kuegemea upande mmoja, chombo hulala, maji huingia, nao walio ndani hawapati nafasi ya kukirudisha sawa. Kwa hiyo kuona nchi kavu si dalili ya kuwa umekwisha okoka. Kaa chini mpaka chombo kimefungwa, ndipo ushuke kwa zamu.

Tena yafaa watu waelewe desturi ya dhoruba za ziwa letu. Mchana jua huchoma nchi kavu upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto lake. Basi upepo hugeuka, hutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo hizo zikikutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda, hugeuka mawingu ya ngurumo, na dhoruba huvuma usiku hata asubuhi, na zaidi upande wa magharibi wa ziwa. Ndiyo sababu mtu aweza kulala akiziona nyota, na kabla ya alfajiri mawimbi yakawa yanapiga mwalo kwa kishindo. Basi safari ya usiku wa mkesha, baada ya pombe, katika mtumbwi uliojaa, hukusanya hatari tatu mahali pamoja.

Tusafiri mchana. Tusikilize katika redio utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka. Kila mtu, hata mtoto, avae jaketi okozi kabla chombo hakijaondoka. Kulikalia kama mto hakumfai kitu chombo kikipinduka. Na nahodha akisema chombo kimejaa, asitukanwe. Heri kungoja mwaloni saa tatu kuliko kungojewa matangani.

PETROLI NA MOTO

Katika kijiji cha wavuvi petroli ni kama nyavu: bila hiyo mashine haiendi. Kwa kuogopa wezi, wenye mitumbwi hulaza madumu ndani ya nyumba, mara nyingi chumba cha kulala. Jambo hili ni baya siku zote, lakini siku za Noeli ni baya zaidi, kwa sababu chumba kile hulaza wageni, na wageni huwasha taa, mshumaa au sigara.

Wengi hudhani ya kuwa petroli haina neno mpaka imwagike. Ukweli ni kwamba petroli hutoa mvuke wakati wote, hata penye baridi. Mvuke huo hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni kama maji, hupita chini ya mlango, huenda mpaka ukute moto. Koroboi iliyo chumba cha pili yaweza kuuwasha, na moto ukarudi mbio mpaka kwenye dumu. Mafuta ya taa hayawaki upesi namna hiyo. Lakini yakichanganywa na petroli kidogo tu, hata kwa kutumia chombo kimoja kwa vyote viwili, koroboi yaweza kulipuka mkononi mwa aliyeishika.

Taifa zima lilijifunza nguvu ya petroli tarehe 10 Agosti 2019 mjini Morogoro, gari la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukawaua zaidi ya mia moja.

Kwa hiyo kila mwenye mashine na ajenge kibanda kidogo chenye kufuli, mbali na nyumba, chenye nafasi ya kupita hewa. Asiyeweza peke yake, washirikiane watu watano au sita wa mwalo mmoja na kuweka mlinzi. Moto wa petroli usimwagiwe maji, maana petroli huelea juu ya maji na moto husambaa, tumia mchanga. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika ishirini, kisha mfunikeni kwa kitambaa safi na kumpeleka kituo cha afya. Msimpake dawa ya meno, wala unga, wala mafuta ya kupikia. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na huleta usaha. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114, bila malipo.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Mvua inyeshapo usiku, na nyama ya kesho haijaiva, wapishi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa uwakao mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa ile hewa njema tunayoihitaji, hata mwili ukakosa nguvu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Na mtu aliyekwisha lala hufa bila kuamka. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio huwadanganya watu, kwa maana hudhani moshi ndio sumu peke yake. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakuzuii neno. Jiko na libaki nje chini ya paa la ukumbi, au jikoni penye nafasi za hewa. Na kabla ya kulala lizimwe kabisa. Ukiwakuta watu wamelala nalo, fungua milango, watoe nje upesi, kisha tafuta msaada.

CHUPA ZA SODA

Hili ni jambo ambalo wachache hulifikiri. Kwa watoto wengi wa vijijini, Noeli ndiyo siku ya soda. Tangu wiki moja mbele huota soda tu. Lakini katika nyumba hizo hizo chupa ya soda ndiyo chombo cha kutilia kila kitu: mafuta ya taa, petroli ya mashine, dawa ya kunyunyizia pamba, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, lakini aijua chupa. Akiikuta chini ya kitanda siku ile ambayo kila mtu anakunywa soda, je, afikiri nini? Hufikiri babaye amemfichia.

Basi kabla ya Noeli kila nyumba na ikague chupa zake zote. Dawa ikae katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli, juu asipofika mtoto. Na akinywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa mkidhani yataua sumu. Mafuta ya taa yakipanda tena kooni huingia mapafuni, na hapo ndipo madhara yake makubwa. Mpelekeni upesi kwa mganga wa kituo cha afya, mkachukua na chupa yenyewe, ili ajue amekunywa nini.

Neno hili lawahusu pia ndugu zetu watokao machimboni, kama Nyarugusu na Rwamgasa, ambao hurudi nyumbani na zebaki mfukoni, au dhahabu isiyokwisha chomwa. Zebaki ikitiwa motoni hugeuka mvuke usioonekana, na mvuke huo huharibu ubongo na figo. Mtoto mchanga na mimba huumia kuliko wote. Kikaango kilichochomewa dhahabu kisipikiwe chakula tena, wala jiko la mama lisigeuzwe karakana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na kuchoma zebaki mahali pa makazi ya watu ni mojawapo ya mambo ambayo mkataba huo wataka yakomeshwe.

MAJI NA WATOTO

Watoto wa ziwani wajua maji, na kwa sababu hiyo wazazi hujisahau. Mtoto wa mgeni aliyetoka mjini hajui, lakini huwafuata wenzake. Azamaye hapigi kelele kama watu wadhanivyo. Kinywa chake kimo majini, na mikono yake yashughulika na kujiinua. Huzama kimya, katika muda wa kumwita mtu na kuitikiwa. Mtoto mdogo aweza kufa hata katika ndoo au beseni lililojazwa maji ya wageni. Ndoo zifunikwe, kisima kifunikwe, na mashimo yaliyochimbwa kutafuta udongo wa matofali au dhahabu, ambayo mvua za vuli huyajaza, yazungushiwe miiba. Mahali pa kuteka maji pazungushiwe boma la miti kwa ajili ya mamba, wala mtoto asitumwe kuteka magharibi.

RADI

Mwezi wa Oktoba 2018 radi ilipiga shule moja mjini Geita na kuua wanafunzi sita. Nchi zilizozunguka ziwa letu ni miongoni mwa zile zipatazo radi nyingi, kwa sababu ya zile pepo na unyevu tulizokwisha eleza.

Umeme wa radi hutafuta njia fupi ya kufika ardhini, kwa hiyo hupenda kilicho kirefu au kilicho peke yake: mti shambani, mvuvi katika mtumbwi, mchungaji katika mbuga. Ukiuona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza thelathini, radi i karibu, ingia ndani ya nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa. Kibanda cha nyasi hakikingi. Usisimame chini ya mti, usiegemee ukuta wala dirisha la chuma, toka majini. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mshikeni bila hofu, na kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua afanye hivyo mara moja.

Hapa imetupasa kusema neno zito. Msiba ukiingia nyumbani wakati jamaa wote wamekusanyika, wako watakaouliza, "Nani ametuma radi?" Nao macho yao hugeuka kwa bibi mzee wa nyumba ya pili. Katika Usukuma na Uzinza wanawake wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine walishukiwa kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Wekundu huo ni wa moshi wa kuni na samadi waliovumilia miaka hamsini jikoni wakiwapikia watoto, na pengine hao hao waliowashitaki. Nyumba haiwezi kuitwa salama ikiwa bibi yake analala na hofu. Wakubwa wa jamaa na wakatae maneno hayo yanapoanza, kabla hayajafika kwa mpiga ramli.

USIKU WA MKESHA

Usiku ule wengi huenda kusali, na nyumba hubaki. Kwa kuogopa wezi, wengine huwafungia watoto ndani kwa kufuli la nje, wakawaachia koroboi ili wasiogope giza. Twawasihi wasomaji wetu jambo hili likome. Kufuli humzuia mwizi kuingia, lakini humzuia na mtoto kutoka. Moto ukitokea, jirani akija hana ufunguo. Kama mtoto haendi, na abaki na mtu mzima.

Juu ya wezi, nchi hii haihitaji kufundishwa na wageni. Sungusungu walianzia pande za Kahama na Nzega katika mwanzo wa miaka ya 1980, watu walipochoka na wezi wa ng'ombe, na nguvu yao ilikuwa katika jambo moja: yowe likipigwa, kila mtu alitoka. Majirani na wapatane mapema nani atasali usiku na nani atasali asubuhi, ili kila kitongoji kibaki na walinzi. Mwizi akikamatwa apelekwe kwa mwenyekiti na polisi, asipigwe. Na aliyekunywa asipewe pikipiki, hata kama ni yake.

GAWENI MACHO

Haya yote yaweza kuonekana mengi, lakini dawa yake ni moja. Siku mbili kabla ya Noeli, mwenye nyumba na aketi na jamaa zake, awagawie kazi ya kuangalia kama wanavyogawana kazi ya kupika. Amtaje mtu kwa jina: wewe waangalia moto; wewe waangalia watoto wadogo mpaka saa saba, kisha mwenzako atakupokea; wewe wajua dumu na chupa ziko wapi; wewe wahesabu watoto jioni. Aliyepewa kazi asiiache mpaka amempa mwingine kwa kinywa chake, naye mwingine aitikie. Kazi isiyo na jina la mtu haina mtu.

Waalimu waweza kuwafundisha watoto mambo haya kabla ya kufunga shule, maana mtoto akiyajua humkumbusha babaye. Wenyeviti wa vijiji na wakubwa wa mialo wahesabu watu katika vyombo siku zile, wala wasimwonee haya tajiri mwenye mtumbwi.

Twawatakia wasomaji wetu wote Noeli njema. Kabla ya kugawa pilau, gaweni macho. Na jioni yake, mikeka inapotandikwa, hesabuni watoto, nao wawe kamili.